Nani Alichuma Mbegu?

Mwaka 1934 Koichiro Wada, mwenye kitalu cha mimea huko Japani, alituma mimea miwili midogo Uingereza. Aliyeipokea ni Lionel de Rothschild, wa ile familia ya mabenki, ambaye bustani yake ya Exbury ilikuwa na ekari 250. Kama umezoea kupima maisha kwa ploti ya futi 50 kwa 100, hizo ni ploti zaidi ya elfu mbili, na kazi yake ilikuwa kupendeza tu.

Rothschild alikuwa na ugonjwa wa ua moja: rododendroni. Ni jamaa ya azalea, zile ambazo huenda umeziona zikiuzwa kwenye vyungu kando ya barabara Nairobi. Rododendroni ina spishi zaidi ya 1,000, nyingi zikitoka milima ya Himalaya na kusini-magharibi mwa Uchina. Afrika haina hata moja ya asili. Baadhi ni miti kabisa, unasimama chini yake na kuinua shingo. Na hizo ndizo matajiri wa Uingereza walizipenda, kwa sababu walikuwa na mahali pa kuziweka.

Mimea ya Wada ilikuwa tofauti. Ilikuwa mifupi na ya mviringo, kama chungu kilichofunikwa kifudifudi. Chini ya majani palikuwa na manyoya mazito ya kahawia, kama blanketi. Vitumba vyake huwa vya rangi ya waridi, lakini ua likishafunguka hupauka polepole hadi jeupe. Kitaalamu mmea huu uliitwa Rhododendron yakushimanum, kwa sababu kwao ni Yakushima, kisiwa cha milima kusini mwa Japani chenye kilele cha mita 1,936. Huko juu, mvua na upepo havimruhusu mtu yeyote kujirefusha ovyo. Anayeishi ni anayeinama.

Rothschild alikufa mwaka 1942, na mwaka huohuo jeshi la wanamaji likachukua nyumba yake kwa shughuli za vita. Mimea ikabaki inangoja. Mwaka 1947, maonyesho ya maua ya Chelsea yaliporudi baada ya vita, mmoja kati ya ile miwili ulipelekwa London ukiwa umejaa maua. Ulipewa tuzo ya juu kabisa, na leo mmea huo na wote uliozalishwa kutokana nao kwa vikonyo huitwa ‘Koichiro Wada’. Mmoja wa ile miwili ulihamishiwa Wisley, kwenye bustani ya chama cha kilimo cha maua cha Uingereza.

Sasa tulia hapo kidogo, kwa sababu hapa ndipo historia inapobadilika. Exbury haikujitengeneza. Miaka ya 1920, watu wapatao 150 walikuwa wakichimba na kugeuza udongo wa mahali pale. Bustani ya aina hiyo inahitaji vitu vitatu: ardhi nyingi, pesa nyingi, na vibarua wengi wa bei rahisi. Vita viwili vya dunia vilivunja hesabu hiyo. Vijana waliokuwa wakishika majembe walikwenda vitani, wengine hawakurudi, na waliorudi wengi walitafuta kazi nyingine. Kodi zikapanda, majumba yakauzwa. Nyumba mpya zilizojengwa zilikuwa ndogo, zenye uwanja mdogo nyuma. Mwenye nyumba alikuwa karani au mwalimu, na mtunza bustani alikuwa yeye mwenyewe siku ya Jumamosi.

Mtu kama huyo hawezi kupanda rododendroni ya mita kumi. Anataka kichaka kinachoishia kiunoni, kisichomfungia dirisha, kisichokufa akisahau kukifunika. Wafanyabiashara walielewa haraka. Kitalu cha Waterer kule Bagshot kilichanganya chavua ya mmea wa Yakushima na aina nyingine, kikatoa mahuluti mafupi ambayo mengine yalipewa majina ya wale vibeti saba wa hadithi ya Snow White: ‘Grumpy’, ‘Dopey’, ‘Doc’, ‘Sneezy’. Ujerumani, Hans Hachmann naye akafanya ya kwake. Kwa ufupi, kichaka kilipungua kimo kwa sababu ardhi na vibarua vilipungua. Watu hudhani mitindo ya bustani ni suala la macho tu, kumbe ni suala la mshahara.

Nayasema haya kwa sababu nina kichaka kimoja. Naishi Helsinki, huu ni mwaka wa sita, kwenye nyumba ya kupanga ya chini yenye uwanja wa nyuma usiozidi sebule mbili za Nairobi. Aliyekaa hapa kabla yangu aliacha rododendroni nyekundu inayoitwa ‘Elviira’. Iko chini ya mita moja. Mwezi Januari huioni kabisa, imezikwa na theluji. Mwezi Juni inawaka kama jiko la makaa.

Mwanzoni nilidhani jambo la kushangaza ni kwamba haifi kwa baridi. Baadaye niligundua kwamba baridi yenyewe si adui mkubwa. Wafini wenye bustani watakuambia wanaogopa mwezi Machi. Wakati huo jua limerudi na linachoma, lakini ardhi bado ni barafu. Majani yanapoteza maji mchana, nayo mizizi haiwezi kunywa kwa sababu maji yote chini yamekuwa mawe. Mmea unakufa kwa kiu huku umezungukwa na theluji. Ndiyo maana ukipita mitaani mwisho wa majira ya baridi unaona vichaka vimevishwa magunia. Watu wanavikinga na jua.

Mmea nao una ujanja wake. Baridi ikizidi, majani ya rododendroni hushuka na kujiviringisha kama sigara, ili jua liyaguse kidogo. Ukitoka nyumbani asubuhi na kuyatazama, karibu unaweza kukisia nyuzijoto bila kuangalia simu. Na ufupi wenyewe ni silaha. Kichaka kirefu kinaacha kichwa nje, kwenye upepo. Kifupi hulala chini ya theluji, na theluji ni blanketi: chini yake hakuna upepo, na baridi haifiki ile ya juu. Kwa hiyo kule Uingereza ufupi uliletwa na ukosefu wa nafasi, lakini huku kaskazini ufupi ni uhai.

Mkulima wa Limuru angeelewa mambo mengine bila kufundishwa. Rododendroni hutaka udongo wenye asidi, kama chai. Ukiipanda kwenye udongo wa chokaa, majani yanakuwa manjano na mishipa inabaki kijani, dalili kwamba inakosa chuma. Mizizi yake ni myembamba kama nywele na inatambaa juujuu, kwa hiyo haipandwi kwa kina, na hailimiwi kwa jembe pembeni. Unaiwekea matandazo ya gome la msonobari na kuiacha. Haitaki maji yatuame, na haitaki kukauka. Kabla ardhi haijaganda, unainywesha vizuri, iingie baridini ikiwa imeshiba.

Lakini ‘Elviira’ haikutoka Yakushima. Ilitoka kwenye mradi ulioanza mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Helsinki kikishirikiana na bustani ya miti ya Mustila, kusini mwa Ufini. Peter Tigerstedt na Marjatta Uosukainen walitaka rododendroni zinazoweza kuishi huku bila kubembelezwa. Mzazi wao mkuu alikuwa mmea wa milima ya Korea, ambao mbegu zake zilifika Mustila miaka ya 1930 na ambao baadaye ulipewa jina la ukoo wa Tigerstedt. Ni mgumu kupindukia, lakini ni mrefu, na maua yake ni meupe yaliyopauka. Kwa hiyo wakauchanganya na mimea mingine yenye rangi. Miche ikapandwa nje, mingine katika msitu wa Haaga hapa mjini, ambao leo ni bustani ya umma. Halafu wakaacha majira ya baridi yachague. Hakukuwa na haja ya kamati. Baridi za miaka ya 1980 zilipita, na zilizobaki hai zikapewa majina: ‘Haaga’, ‘Hellikki’, ‘Pohjolan Tytär’, ‘Helsinki University’. ‘Elviira’ huvumilia karibu nyuzi 34 chini ya sifuri.

Na wekundu wa ‘Elviira’, na huo ufupi wake? Huo ni urithi wa upande wa pili, Rhododendron forrestii, mmea unaotambaa kwenye miamba yenye theluji mpakani mwa Yunnan na Tibet. Huohuo ndio Dietrich Hobbie alioutumia Ujerumani kupata mahuluti mekundu mafupi kama ‘Scarlet Wonder’. Forrestii. Yaani wa Forrest.

George Forrest alikuwa Mskoti aliyezaliwa Falkirk mwaka 1873. Kati ya 1904 na 1932 alifanya safari saba Yunnan akilipwa na matajiri na vitalu vya Uingereza, na akatuma nyumbani sampuli za mimea zinazokadiriwa kuwa 31,000. Huwa anaelezwa kama shujaa wa filamu. Mwaka 1905 alinusurika mashambulizi ya wapiganaji wa Kitibeti, akatembea siku kadhaa milimani bila viatu wala chakula. Ni kweli, alinusurika. Lakini katika masimulizi yake mwenyewe, kati ya wakusanyaji na watumishi wake 17, alibaki mmoja. Hao wengine wanatajwa kwa idadi. Na hasira ile haikutoka hewani: mwaka mmoja tu kabla, jeshi la Uingereza lilikuwa limeingia Lhasa kwa bunduki, na serikali ya Uchina nayo ilikuwa inawabana Watibeti upande wake. Mzungu mwenye begi la mimea, kwa macho ya mtu wa pale, alifanana sana na mzungu mwenye bunduki.

Kuanzia mwaka 1906 Forrest alianza kufanya kazi na watu wa kabila la Wanaxi, kutoka kijiji kimoja chini ya mlima Yulong, karibu na Lijiang. Kiongozi wao aliitwa Zhao Chengzhang. Kwa zaidi ya miaka 20 Zhao aliajiri watu, aligawa njia, alijua kilele kipi kina maua mwezi gani na kurudi huko vuli kuchukua mbegu. Safari nyingine Forrest alibaki kambini au alikuwa Uingereza kabisa, na Zhao na wenzake ndio waliokuwa milimani. Kazi ikifika Edinburgh, kila sampuli ilikuwa na namba, na mbele ya namba lilikuwa jina la Forrest. Erik Mueggler, mwanaanthropolojia, aliandika kitabu mwaka 2011 kilichomrudisha Zhao mahali pake. Kabla ya hapo, ukisoma vitabu vya bustani, unakutana na “wakusanyaji wenyeji”, basi.

Haya hayakuanza na Forrest. Joseph Hooker, ambaye kitabu chake cha rododendroni za Sikkim kilianza kutoka mwaka 1849, ndiye aliyewasha moto wote huu wa Uingereza. Alibebewa mizigo na kupandiwa milima na Walepcha na watu wengine wa pale. Maua aliyopata akayaita kwa majina ya marafiki na wakubwa: dalhousiae kwa mke wa gavana mkuu wa India, campbelliae kwa mke wa afisa wa Darjeeling, falconeri, thomsonii. Wewe pitia orodha hiyo. Jina la Mlepcha aliyening’inia mwambani kulifikia tawi, silioni. Mwisho wa mwaka 1849 watawala wa Sikkim walimkamata Hooker na mwenzake Campbell kwa kuvuka mpaka bila ruhusa. Waliachiliwa baada ya wiki kadhaa, na Uingereza ikajibu kwa kumega sehemu ya kusini ya Sikkim. Maua na ardhi vilikuwa vinachukuliwa na mkono uleule.

Nikisoma haya namfikiria babu yangu. Alifanya kazi ya bustani Tigoni miaka ya 1940 na 50, kwa mzungu ambaye sina haja ya kumtaja. Udongo wa huko ni mzuri, una asidi, azalea zinakubali. Babu alijua kukata, kupandikiza, kuotesha vikonyo kwenye mchanga, na alijua kwa kunusa kama mboji imeiva. Cheo chake kilikuwa “shamba boi”, akiwa na mke na watoto wanne. Jina lake lilikuwa limeandikwa mahali pamoja, kwenye kipande. Tangu mwaka 1920 kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kukibeba, chenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, na wengi walikining’iniza shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Hebu fikiria. Serikali ililijua jina lake vizuri sana ilipotaka kumzuia asiondoke. Ilipofika zamu ya kusema nani alifanya bustani ile ikapendeza, jina likapotea.

Na usidhani ni mambo ya zamani tu. Neno bado lipo. Nenda Lavington au Nyali leo, uliza maua haya yamepandwa na nani, utaambiwa, “Ah, ni shamba boi.” Mtu ana miaka hamsini.

Tukirudi kwenye mimea, hata milima yetu imejaa hadithi hiyo. Afrika haina rododendroni, lakini ina jamaa zake: ile mihiti mikubwa ya Erica unayopita ndani yake ukipanda Mlima Kenya au Aberdare ni ya familia moja nazo. Juu zaidi unakutana na lobelia yenye manyoya marefu kama mzee aliyejifunika shuka, na ile senesio kubwa inayofunga majani usiku kulinda kitumba kisigande. Ujanja ni uleule wa Ufini, ila huku baridi inakuja kila usiku badala ya kila mwaka. Lobelia ile inaitwa Lobelia telekii, kwa jina la Teleki, kabaila wa Kihungari aliyefika Mlima Kenya mwaka 1887. Hakufika peke yake. Alikuwa na mamia ya wapagazi, wengi wao watu wa pwani, waliokuwa wakizungumza lugha hii ninayokuandikia. Waliibeba safari ile kwa vichwa vyao, maana halisi ya neno.

Hapa Helsinki, ndani ya dirisha la jirani yangu, pana chungu cha maua madogo ya zambarau. Ni mama mzee, anayapenda sana. Nilimwambia kwao ni Usambara, Tanzania. Alishangaa. Yeye alijua tu jina lake la zamani la kitaalamu, Saintpaulia, lililotokana na Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani aliyetuma mmea huo kwa baba yake Ujerumani mwaka 1892. Wasambaa walikuwa wakiishi na maua hayo miaka yote hiyo, kwenye miamba yenye kivuli, bila kungoja mtu ayagundue.

Kuna watu wataniambia, bana, ua ni ua, acha lipendeze. Sina ugomvi na uzuri. Kichaka changu siking’oi. Sisemi pia kwamba Forrest au Hooker hawakufanya kazi. Walifanya, tena kazi ngumu, na mmoja alifia hukohuko Yunnan, Januari 1932. Wada na Uosukainen nao wana haki ya kutajwa kwa mikono yao. Hoja yangu ni ndogo zaidi. Kichaka kifupi kinachostahimili baridi, ambacho mtu wa kawaida anaweza kukinunua na kukipanda nyuma ya nyumba ya kupanga, ni kazi ya watu wengi mfululizo: upepo wa mlimani uliokifupisha, mtu aliyejua njia ya kukifikia, aliyebeba mbegu, aliyezipanda, aliyepangusa chavua kwa brashi, na aliyesubiri miaka kuona kipi kitakufa. Lebo ya dukani hutaja wa mwisho wawili. Waliotangulia walikuwa na majina pia.

Ya Zhao Chengzhang tunayo, kwa sababu kuna mtu alikaa chini akatafuta. Ya wengi wengine yamo kwenye vitabu vya mishahara, barua za zamani, na vichwani mwa wazee ambao bado wako. Wewe unaweza kuanza na bustani ambayo unaijua: ya shule uliyosoma, ya kanisa, ya hospitali, ya ile nyumba ya ukoloni ambayo sasa ni mkahawa wa kahawa ghali. Kuna mtu aliyeichimba. Babu yangu aliitwa Njoroge wa Kamau, na azalea za Tigoni alizipanda yeye.